Kitanzi baada ya kujifungua: uamuzi ufanyike kliniki, kazi ifanyike leba

Ndugu Mwenyekiti wa Mtaa, wazee wetu, kina mama wajawazito, kina baba mlioacha shughuli zenu asubuhi hii mkaja kukaa kwenye mabenchi ya kliniki, wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wauguzi wenzangu: asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, na wote habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie uzazi wa mpango. Njia ni nyingi na mnazifahamu: sindano, vijiti, vidonge, kondomu, kufunga kizazi. Kila moja ina watu inayowafaa, na wenzangu hapa wanaweza kuwaeleza vizuri. Leo mniruhusu nikae kwenye njia moja na kwenye saa moja. Njia yenyewe ni kitanzi, ambacho wengine mnakiita lupu, na ndugu zetu wa Kenya wanakiita koili. Saa yenyewe ni ile mtoto ameshalia, kondo la nyuma limeshatoka, na mama bado yuko kitandani leba. Wengi hawajui kwamba kitanzi kinaweza kuwekwa hapo hapo. Na katika wanaojua, wapo waliokisikia kwa mara ya kwanza uchungu ukiwa umeshawashika, wakati ambao mtu hana hata nafasi ya kuuliza swali. Mambo hayo mawili ndiyo yaliyonileta mbele yenu.

Wakunga wote mnaotuona hapa tunamfahamu mama mmoja, ingawa kila mmoja wetu amemkuta kwa sura tofauti. Anakuja na mtoto mgongoni, wa miezi saba au minane, amemleta kumpima uzito. Anasema siku hizi hana nguvu, anasikia kichefuchefu, labda malaria. Tunapima malaria, hana. Tunapima mkojo, ana mimba. Tukimpapasa tumbo, mimba imeshafika miezi minne. Anaduwaa. Kisha anasema maneno ambayo nimeyasikia mara nyingi mno: "Sista, mbona sijaona siku zangu tangu nijifungue?"

Mama huyu si mzembe. Alikuwa anasubiri damu irudi ndipo aje kuomba njia. Hakuna aliyemkalisha chini akamweleza kwamba yai hutangulia, damu hufuata. Yai linapevuka kwanza, na kama halikukutana na mbegu, ndipo wiki mbili hivi baadaye hedhi inaonekana. Kwa hiyo mwanamke anaweza kushika mimba bila kuona hata tone moja la damu tangu alipojifungua. Kwa mama asiyenyonyesha, yai linaweza kupevuka hata kabla mtoto hajatimiza mwezi mmoja. Ndiyo maana tunahesabu kwamba kuanzia siku ya 21 hana tena kinga ya asili. Anayenyonyesha ana kinga, lakini kwa masharti matatu yanayokwenda pamoja: mtoto hajafikisha miezi 6, ananyonya maziwa ya mama tu usiku na mchana, na mama hajaona hedhi. Likivunjika moja, kinga imekwisha. Na sote tunajua ni nyumba ngapi mtoto wa miezi mitatu anaonjeshwa uji kwa sababu bibi amesema analia njaa.

Shirika la Afya Duniani linashauri mama akae angalau miezi 24 tangu mtoto azaliwe kabla ya kushika mimba nyingine. Ukijumlisha na miezi tisa, watoto wanapishana karibu miaka mitatu. Mimba zikifuatana kwa karibu sana, mama anaingia kwenye mimba ya pili mwili ukiwa bado haujarudisha damu aliyopoteza, na mtoto anayekuja ana hatari zaidi ya kuzaliwa kabla ya wakati au na uzito mdogo. Yule mkubwa naye, ambaye bado ni mchanga, anaachishwa ziwa kabla ya siku yake. Wazee wetu walipomwona mtoto kakonda, tumbo limejaa, nywele zimepauka, walisema amebemendwa. Chanzo walikieleza kwa namna yao, lakini walichokiona kilikuwa kweli, na waliweka miiko ili wazazi wakae mbalimbali mtoto anyonye ashibe. Miiko ile leo wachache sana wanaifuata. Mwaka 1969, akiwasilisha Mpango wa Pili wa Maendeleo, Mwalimu Nyerere alilikumbusha taifa kwamba kuzaa tunafanana na wanyama, ila kulea watoto na kuwatunza vizuri ndiyo kazi ya binadamu. Wakati huo chama cha uzazi na malezi bora, ambacho leo mnakifahamu kama UMATI, kilikuwa kimeshakuwepo kwa miaka kumi. Msidhani jambo hili lililetwa juzi na wageni.

Sasa nisikilizeni kwenye takwimu mbili, maana zimenikaa moyoni. Utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 waliozaliwa, 63 walizaliwa kwenye vituo vya kutolea huduma. Mwaka 2022 wakawa 81. Ni hatua kubwa sana, na nawapongeza kina mama na wahudumu wote. Lakini katika tafiti hizo hizo, wanawake walioolewa wanaotumia njia za kisasa za uzazi wa mpango walikuwa 32 kati ya 100 mwaka 2015-16, na mwaka 2022 walikuwa 31. Kina mama wamekuja kwetu kujifungua kwa wingi kuliko wakati wowote, tukawapokea, tukawazalisha salama, tukawaruhusu waende nyumbani, na upande ule wa pili pakabaki palepale. Mama alikuwa mikononi mwetu. Alikuwa hapa, na mhudumu alikuwa hapa, na vifaa vilikuwa hapa. Tukamwambia: rudi baada ya wiki sita.

Na baada ya wiki sita kuna nini? Kuna arobaini kwanza. Mama yuko ndani, anakandwa maji ya moto, anakunywa uji wa pilipili manga, hatoki. Arobaini ikiisha kuna nauli, kuna foleni, kuna mtoto anayelia na mwingine aliyeshika kanga ya mama, kuna shamba au meza ya biashara iliyolala mwezi mzima na zaidi. Kuna mume ambaye hajaulizwa na mama mkwe ambaye ana maoni. Akifika hapa kumpeleka mtoto chanjo, anakwenda dirisha la chanjo, hakuna anayemuuliza habari zake yeye mwenyewe. Anarudi nyumbani. Baada ya miezi, ndiye yule anayekuja na malaria isiyo malaria.

Kwa sababu hiyo naisema njia hii ya kitanzi cha baada ya kujifungua kwa moyo wote. Haimtaki mama arudi ili aanze kukingwa. Anatoka wodini ameshakingwa.

Hiki hapa. Naomba sista akipitishe mkikishike, kina baba nanyi mkishike, msiogope. Hiki ni cha maonyesho. Ni plastiki laini yenye umbo la herufi T, imezungushiwa waya mwembamba wa shaba kwenye shina, na vipande viwili vya shaba kwenye mikono. Urefu milimita 36, upana milimita 32. Ni kifupi kuliko njiti ya kiberiti. Chini kina nyuzi mbili nyembamba. Ukikikunja mkono kwa kidole, ona, kinarudi. Kina eneo la shaba la milimita za mraba 380, na ndiyo maana mkisoma boksi lake mtakuta kimeandikwa T 380A. Hakina homoni yoyote. Hiyo shaba ndiyo dawa yenyewe: inaziharibia mbegu za mwanamume mwendo na nguvu zisilifikie yai na kulirutubisha. Maziwa ya mama hayaguswi, hayapungui. Kinafanya kazi kwa miaka 10, na tafiti zilizofuatilia kina mama kwa muda mrefu zaidi zilikikuta kinaendelea kukinga hata kufikia mwaka wa 12. Katika mwaka wa kwanza, chini ya mwanamke 1 kati ya 100 wanaokitumia ndiye anayeshika mimba.

Kipo pia kitanzi cha homoni, kinachotoa kidogo kidogo homoni ndani ya mfuko wa uzazi na kupunguza hedhi. Kwetu hapa cha shaba ndicho kinachopatikana zaidi, kwa hiyo nitaendelea nacho.

Kinawekwaje baada ya kuzaa? Hapa nataka niende polepole, kwa sababu woga mwingi unatokana na kutojua. Mtoto ametoka, amewekwa kifuani kwa mama. Kondo la nyuma limetoka, mkunga amelikagua kama limekamilika, amehakikisha mfuko wa uzazi umejikaza na damu haitoki kupita kiasi. Kipindi hiki mlango wa kizazi bado uko wazi, haulazimishwi. Ndani ya dakika 10 tangu kondo litoke, mkunga mwenye mafunzo, akiwa amevaa glavu safi ndefu, anakishika kitanzi kwa mkasi mrefu maalumu usio na makali, anakipitisha taratibu. Mkono wake mwingine uko juu ya tumbo, chini kidogo ya kitovu, umeushika mfuko wa uzazi kwa nje, anahisi kwa kiganja kifaa kikifika juu kabisa kwenye paa la mfuko. Kufika juu kabisa ndiyo siri ya kazi yote. Kitanzi kilichoachwa katikati ya njia kitatoka. Akishakifikisha anakiachia, anautoa mkasi pembeni polepole ili usikivute. Ni kazi ya dakika chache. Mama wengi huniambia baada ya uchungu wa kuzaa hawakusikia kitu cha kutaja.

Kwa mama anayejifungua kwa upasuaji ni rahisi zaidi. Daktari ameshatoa mtoto na kondo, mfuko uko wazi mbele ya macho yake, anakiweka kwa mkono kwenye paa la mfuko kabla hajaushona. Hakuna sindano ya ziada wala mkato wa ziada.

Zile dakika 10 zikipita, bado kuna nafasi mpaka saa 48. Zikipita hizo, tunasubiri hadi wiki ya nne au zaidi. Katikati hapo hatukiweki, kwa kuwa mfuko unajikunja kurudi kwenye ukubwa wake wa kawaida, na hatari ya kutoka au kupata madhara inazidi faida.

Wapo pia ambao hatuwawekei saa hiyo hata kama walikubali mapema. Mama ambaye chupa ilipasuka akakaa zaidi ya saa 18 kabla ya kujifungua. Mama mwenye homa na dalili za maambukizi kwenye mfuko wa uzazi. Mama ambaye damu inatoka nyingi na haijadhibitiwa. Mama aliyechanika vibaya. Hao wanatibiwa kwanza, na njia tutaizungumza baadaye. Mama anayeishi na virusi vya UKIMWI, ambaye anatumia dawa na afya yake ni njema, anaweza kuwekewa kama mwingine yeyote. Ila kitanzi hakizuii virusi wala magonjwa ya zinaa, hivyo kondomu ina kazi yake palepale.

Na sasa ubaya wake, kwa sababu sikuja hapa kuuza kitu. Kitanzi kinachowekwa mara tu baada ya kuzaa kina uwezekano mkubwa zaidi wa kutoka chenyewe kuliko kile cha baada ya wiki sita. Katika kina mama 100, kama 10 hivi kinawatoka, hasa katika wiki za mwanzo. Kwa waliojifungua kwa upasuaji ni wachache kuliko waliojifungua kwa njia ya kawaida. Kikitoka chote si hatari kwa mwili, hatari ni mama asipojua kwamba kimetoka. Tisa kati ya kumi wanabaki wamekingwa, na yule wa kumi akirudi tunamwekea kingine au anachagua njia nyingine. Mkilinganisha na kina mama walioambiwa "rudi baada ya wiki sita", mtaona wenyewe upande upi unapoteza wengi. Ubaya wa pili: hedhi itakaporudi, inaweza kuwa nzito zaidi na yenye maumivu, hasa miezi mitatu hadi sita ya kwanza. Mwenye upungufu mkubwa wa damu atueleze kabla.

Yapo maneno ya mitaani na sitaki kuyapuuza, maana wanaoyasema wana hofu ya kweli. Kwamba kitanzi kinapanda hadi kwenye moyo. Mfuko wa uzazi hauna njia ya kwenda kwenye moyo. Inaweza kutokea, kama mara moja kwa kila wanawake 1,000, kikatoboa ukuta wa mfuko wakati wa kuwekwa kikaishia tumboni, na hapo tunakitoa. Kwamba mtoto anazaliwa amekishika mkononi. Ikitokea mimba imeingia na kitanzi kipo, mtoto anakua ndani ya mfuko wake wa maji, kitanzi kiko nje ya mfuko huo. Lakini mimba ya namna hiyo inahitaji kuangaliwa mapema na daktari, mama asikae nayo nyumbani. Kwamba kinaleta saratani. Tafiti zinaonyesha kinyume, wanaotumia kitanzi wanapata kwa nadra zaidi saratani ya ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi. Kwamba kinamchoma mume. Kina baba, shikeni nyuzi zile. Zinalainika zikikaa mwilini, na wachache wanaozihisi, mke akija tunazipunguza.

Kuna hofu nyingine ina mizizi ya kweli kabisa. Huko Marekani kati ya mwaka 1971 na 1974 kiliuzwa kitanzi kiitwacho Dalkon Shield. Uzi wake ulikuwa umesukwa kwa nyuzi nyingi ndani ya kifuko, bakteria wakawa wanapanda nao mpaka ndani. Wanawake wengi waliugua, wengine wakapoteza uwezo wa kuzaa, wapo waliokufa, na kampuni ikashtakiwa na maelfu ya wanawake. Habari zile zilizunguka dunia nzima na zikabaki vichwani hata baada ya kifaa chenyewe kuondolewa sokoni. Hiki mlichokishika ni kitu kingine: nyuzi zake hazikusukwa, ni moja moja nzima. Umbo hili la T ni kazi ya daktari Howard Tatum wa Marekani, na mwenzake Jaime Zipper wa Chile ndiye aliyegundua mwishoni mwa miaka ya 1960 kwamba shaba inazuia mimba.

Naomba sasa niwageukie wenzangu wa glavu na aproni, mliokaa nyuma pale. Kina mama sikilizeni pia, kwa kuwa haki ninayoitaja ni yenu.

Shirikisho la kimataifa la madaktari wa uzazi, FIGO, lilianza mpango wa kitanzi cha baada ya kujifungua nchini Sri Lanka mwaka 2013, na kuanzia 2015 likaupeleka India, Nepal, Bangladesh, Kenya na hapa Tanzania, ambako lilifanya kazi na chama cha madaktari wa uzazi, AGOTA, katika hospitali sita za kufundishia. Wakunga walifundishwa kuweka, na wakaonekana wanaiweza kazi hiyo sawasawa. Lakini mafunzo ya mikono yalikuwa nusu ya kazi. Nusu nyingine ilikuwa kwenye benchi la kliniki ya wajawazito: mama aelezwe mimba ikiwa changa, aende nyumbani, azungumze na mwenzake, arudi na maswali, na akikubali iandikwe kwenye kadi yake. Akifika leba usiku wa manane kwa mkunga asiyemjua, kadi inasema. Mkunga anamuuliza tena, "Mama, ulisema unataka kitanzi, bado unataka?" Akisema hapana, ni hapana.

Mama aliye kwenye uchungu hawezi kukubali. Anaweza kusema ndiyo, lakini ndiyo ile haina thamani, kwa sababu wakati huo angesema ndiyo kwa lolote ili uchungu upungue au sista asimkasirikie. Tusimwombe saini hapo. Kama hakuelezwa kabla, asubiri ajifungue, apumzike, anyonyeshe, na saa 48 bado ziko mkononi. Na mama asiamke wodini akaambiwa kuna kitu kimewekwa ndani yake.

Mkidhani natia chumvi, sikilizeni kilichotokea Greenland, kisiwa kikubwa kilicho kaskazini kabisa ya dunia. Kuanzia miaka ya 1960, wakati kisiwa kile kiko chini ya Denmark, madaktari waliwawekea vitanzi wanawake na wasichana wa Kiinuiti, ndio wenyeji wa kule, wengine watoto wa shule wa miaka 13, wengi bila kuulizwa wala wazazi wao kujulishwa. Inakadiriwa walikuwa 4,500, takribani nusu ya wanawake wote wa umri wa kuzaa kisiwani kule. Wapo ambao hawakuwahi kupata mtoto tena, na wapo waliokaa kimya kwa aibu miaka 50. Waziri Mkuu wa Denmark, Mette Frederiksen, aliwaomba radhi mwaka 2025. Kifaa kilikuwa kitanzi, cha kazi hii hii. Waliowawekea walikuwa watu wenye vyeti, wakiamini wanaifanyia nchi hesabu nzuri. Kwa hiyo wenzangu, tusihesabu vitanzi tulivyoweka mwezi huu kana kwamba ndiyo kipimo cha kazi yetu. Tuhesabu kina mama walioelezwa wakaelewa, pamoja na wale waliosema hapana. Na mama akija kusema "nitoleeni", hata kama ni wiki moja tu baadaye, hata kama hana sababu ya kutueleza, atolewe siku hiyo hiyo. Kumwambia "vumilia kwanza, utazoea" halafu ukamrudisha nyumbani ni kumnyima haki yake, na habari hiyo itafika kwa majirani zake wote kabla ya jua kuzama. Ikifika, hakuna mwingine wa mtaa ule atakayekuja.

Kina baba. Nafurahi sana kuwaona. Mwili ni wake na neno la mwisho ni lake, hilo nalisema mbele yenu bila kificho. Lakini nimeona mara nyingi mama aliyekubali kliniki akakataa leba kwa sababu nyumbani hakuna aliyemuunga mkono, na nimeona pia mume aliyeshika kadi ya mkewe mlangoni akauliza, "Sista, kile kitanzi tulichoongea mmekumbuka?" Sisi tunahitaji wengi wa namna hiyo. Kikitolewa, uwezo wa kushika mimba unarudi mara moja, kwa hiyo anayetaka mtoto wa pili baada ya miaka mitatu hajafunga mlango wowote. Anayesita kwa sababu ya dini yake, na azungumze na shehe wake, mchungaji wake au padri wake. Mimi si mwalimu wa dini, na najua Kanisa Katoliki linafundisha njia za asili pekee. Atakayeamua hivyo tutamfundisha kuzihesabu siku zake kwa heshima ileile. Waislamu wenzangu mnaijua aya ya 233 ya Suratul Baqara inayowataja mama wanyonyeshao miaka miwili kamili. Miezi 24 ya Shirika la Afya Duniani inaangukia hapo hapo.

Nimalizie kwa yale ya kufanya ukishawekewa. Unaporuhusiwa, uondoke na kadi yenye tarehe ya kuwekewa na aina ya kitanzi. Mwanzoni hutazihisi nyuzi, maana mfuko bado ni mkubwa na nyuzi zimo ndani. Kadiri mfuko unavyojikunja, nyuzi zinashuka zenyewe. Njoo kati ya wiki ya nne na ya sita, siku ambayo pia utamleta mtoto. Tutaangalia, na nyuzi zikiwa ndefu tutazikata. Zisipoonekana usifadhaike, mara nyingi zimejikunja tu ndani, na kipimo cha ultrasaundi kitatuonyesha kama kitanzi kipo. Mpaka tuwe na uhakika, tumieni kondomu. Angalia pedi au kitambaa chako wiki za mwanzo, ukikiona kimetoka kilete. Ukipata homa, maumivu makali ya tumbo la chini, uchafu wenye harufu mbaya ukeni, au damu nyingi isiyo ya kawaida, usingoje tarehe, njoo siku hiyo hiyo, hata usiku.

Huduma hii kwenye vituo vya serikali ni bure. Mlango wenye alama ya Nyota ya Kijani ndio chumba chenyewe, na leo sista yuko ndani mpaka saa tisa. Mwenye mimba ya wiki yoyote anaweza kuingia na kadi yake, peke yake au na mwenzake, kuuliza tu bila kuamua chochote. Kile kitanzi cha maonyesho kikishafika benchi la mwisho mnirudishie. Sasa naomba maswali, na tuanze na kina mama.